Maswali Yenu: Wanaotaka Nchi Iwe Kampuni

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu wasomi wa Marekani wanaosema demokrasia imeshindwa, turudi kwenye utawala wa mtu mmoja. Nimechagua maswali sita.

Mwalimu, hawa ni kina nani hasa? (Morogoro)

Mkubwa wao ni Curtis Yarvin, mtu wa kompyuta, aliyeanza kuandika mwaka 2007 kwa jina la bandia la Mencius Moldbug. Mwingereza Nick Land, aliyewahi kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Warwick, aliupa mkondo huo jina la Mwangaza wa Giza mwaka 2012. Wanataka serikali iwe kampuni, yenye wenye hisa na mkurugenzi mwenye amri yote. Kura hakuna. Usiporidhika, funga virago uhamie kwingine.

Ni Freemason? (Dar es Salaam)

Hapana. Nimelijibu hili mara nne sasa. Maandishi yao yako wazi, someni. Anayehangaika kumsaka mchawi hoja humpita.

"Kanisa Kuu" wanalolipiga vita ni Wakatoliki? (Bukoba)

Siyo. Yarvin anawaita hivyo vyuo vikuu na magazeti makubwa, akidai vyote huhubiri neno moja bila kuamriwa na mtu. Kuna ukweli kidogo hapo: wasomi huambukizana mawazo, na wenye kupinga huogopa kutengwa. Lakini tiba yake ni kuongeza sauti. Mfalme atazipunguza.

Wana nguvu, au ni maneno tu? (Nakuru)

Wanasikilizwa na wakubwa. Tajiri Peter Thiel aliandika mwaka 2009 kwamba haamini tena kuwa uhuru na demokrasia vinakwenda pamoja. Yeye ndiye aliyemwaga fedha kwenye kampeni ya JD Vance ya useneta. Vance naye alimtaja Yarvin kwa jina katika mahojiano ya mwaka 2021, na Januari 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Msiwapuuze.

Mbona Singapore iliendelea chini ya mkono wa chuma, na kampuni huchapa kazi kuliko serikali? (Mombasa)

Lee Kuan Yew, aliyeiongoza Singapore, alibana wapinzani, ni kweli, lakini aliitisha uchaguzi kila muhula. Na kwa nini kila mara mnanitajia Singapore? Mobutu alitawala peke yake miaka 32. Amin alitawala minane. Mkono wa chuma tumeuona, tena karibu.

Kuhusu kampuni, wewe wa Mombasa hukupaswa kuuliza. Mji wako ulikuwa chini ya kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Ikaishiwa fedha, na mwaka 1895 ikaiachia serikali yake mzigo. Kusini yako, Agosti 1888, maajenti wa kampuni ya Wajerumani walitaka bendera yao ipande Pangani. Walikuwa wamekodishwa pwani na Sultani wa Zanzibar, shabaha yao ushuru wa forodha. Watu wa Pangani hawakuwa wenye hisa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Wakashika silaha pamoja na Abushiri bin Salim. Kampuni ikashindwa, likaja jeshi la serikali ya Ujerumani, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani.

Leo mama ambaye bomba lake limekauka humfuata diwani mlangoni, humsema mbele za watu, na uchaguzi ukifika humnyima kura. Diwani anaweza kuwa mzembe, na kura zinaweza kuchezewa. Hilo tulipiganie. Lakini anayekwambia uitupe hata hiyo nafasi ndogo ana shida na wewe, siyo na diwani.

Mwanangu wa chuo amezama humo. Nimkataze? (Arusha)

Usimkataze, dada yangu, atakwenda kusoma kwa siri. Kaa naye, umuulize mkurugenzi akiharibu nani atamtoa. Atakujibu, wenye hisa. Basi muulize ana hisa ngapi.