HTML haikugombezi, na hapo ndipo penye shida

Ukurasa wangu wa kwanza wa wavuti ulipendeza sana kwenye kompyuta yangu na kuharibika kwa kila mtu mwingine. Nilimtumia rafiki anwani, akajibu: "Mbona picha hazionekani?" Nikafungua kwangu, zipo. Usiku ule nilibadilisha kila kitu isipokuwa kosa lenyewe. Faili liliitwa Picha.JPG, nami nilikuwa nimeandika picha.jpg. Windows haijali tofauti hiyo, lakini seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinatumia mfumo wa Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili. Picha nyingine nilikuwa nimeielekeza kwenye C:\, yaani ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, mahali ambapo msomaji hafiki hata afanyeje. Tangu siku hiyo mafaili yangu yana herufi ndogo tupu, hayana nafasi katikati ya jina, na picha zinakaa kwenye folda iliyo pamoja na ukurasa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, haikwambii umekosea. Lugha nyingi za programu ukisahau alama moja tu zinagoma kufanya kazi. HTML yenyewe si lugha ya programu, kazi yake ni kuweka alama: hiki kichwa, hii aya, hiki kiungo. Ukisahau kufunga <b>, tagi (alama) ya kukoleza maandishi, kivinjari kinanyamaza, kinakisia ulichotaka, na maandishi yote yanayofuata yanakolea wino. Kwa hiyo ukiona uharibifu mahali fulani, anza kutafuta juu yake, si hapo ulipouona.

Kuna mbinu iliyonisaidia kuliko somo lolote. Ukurasa ukiwa wazi kwenye kivinjari, bonyeza Ctrl+U, utaona ulichoandika. Bonyeza F12, utaona kivinjari kilivyokielewa baada ya kukirekebisha kimyakimya. Pale hayo mawili yanapotofautiana, mara nyingi ndipo kosa lako lilipo. Mbinu hiyo hiyo inafaa kwa kurasa za watu: ukipenda mpangilio wa tovuti fulani, ifungue uone ilivyoundwa.

Vifaa visikutishe. Notepad inatosha. Angalia tu isikubandikie .txt mwishoni, ukajikuta na index.html.txt, na uhifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Programu kama Word achana nayo, maana inaingiza mambo yake.

Tagi zenyewe ni chache kuliko unavyodhani. Maelezo ya kwanza ya HTML aliyoyatoa Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, mwaka 1991 yalikuwa na tagi 18. Leo zinazidi 100, ila mimi siku nyingi nazunguka na zisizofika 15. Shida yangu ilikuwa kuzitumia kwa sura badala ya maana. Nilikuwa nachagua <h3>, kichwa cha ngazi ya tatu, kwa kuwa ukubwa wake ulinivutia, huku ukurasa hauna <h1> wala <h2>. Asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, huruka kutoka kichwa hadi kichwa; mimi nilimwachia ngazi iliyokatika vidato. Ukubwa na rangi ni kazi ya CSS, lugha ya kupamba kurasa, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na toleo lake la kwanza kutoka 1996. Kabla yake watu walipamba kwa <font> na kupanga kurasa kwa majedwali. Somo likikufundisha <font> au <center> leo, lifunge. Limepitwa na wakati, na tagi hizo zimeshaondolewa kwenye kanuni za HTML. Mimi nilisoma somo la namna hiyo hadi mwisho, kwa bidii kabisa.

Pia usisahau mstari huu ndani ya <head>, sehemu ya mwanzo ya faili ambayo msomaji haioni kwenye ukurasa:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Ukikosekana, simu hujifanya ina kioo kipana, kwa kawaida pikseli 980 hivi, kisha inaupunguza ukurasa mzima utoshee. Maandishi yanakuwa kama mchanga.

Ukimaliza ukurasa, upandishe kwenye seva, kisha umwombe mtu mwingine aufungue kwenye simu yake, nawe ukiwa umesimama pembeni bila kumweleza pa kubonyeza. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, yule mtu aligusa kichwa cha habari mara tatu akidhani ni kiungo. Nilikuwa nimekipigia mstari chini.