Kabla Hujakubali Kukatwa Mirabaha ili Wimbo Wako Upendekezwe

Mwimbaji mmoja kijana wa Tanga ameniandikia juma hili akitaka ushauri. Wakala anayemsambazia nyimbo mtandaoni amemwambia kwamba wimbo wake mpya unaweza kupewa nafasi kubwa zaidi ya kupendekezwa kwa wasikilizaji, mradi akubali kukatwa sehemu ya mirabaha yake, yaani malipo anayopata wimbo unaposikilizwa. "Mwalimu, silipi kitu mwanzoni, sasa hasara iko wapi?" Nimemjibu kwa kifupi, lakini swali lenyewe linastahili jibu refu, kwa kuwa najua kila anayesoma ukurasa huu ana wimbo wake uliokwisha kurekodiwa au uliomkaa rohoni, na sote tunatamani usikike mbali kuliko mtaa wetu.

Mimi ni mtu wa taarabu wa Mombasa, na nilianza kuimba enzi za kaseti. Katika sanaa yetu, wimbo ulijulikana kwa njia ambayo hakuna aliyeweza kuighushi: unaimba harusini, ubeti unamgusa mtu, anainuka kwenye kiti chake na kuja kukutunza kwa fedha mbele ya macho ya watu wote. Kesho yake wenzake wanauliza ule wimbo ni wa nani. Sisemi kwa kujigamba, ingawa nina haki ya kujigamba kidogo, lakini zipo nyimbo zangu zilizofika Lamu na Unguja kabla redio yoyote haijazipiga.

Simaanishi kwamba zamani makampuni hayakuwapo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, walikwenda kwa sababu kampuni iliona soko la muziki wa Kiswahili katika pwani yetu. Mwenye mtaji daima amekuwa na kauli juu ya nani asikike. Tofauti ni kwamba wakati ule ulimjua mwenye duka la santuri na ulimjua mtangazaji, na ukikataliwa ulijua umekataliwa na nani.

Miaka michache iliyopita nilipakia wimbo wangu mmoja wa mafumbo, wimbo mkali, ambao kila mwanamke wa pwani anayejua maana ya kijembe angeuelewa kwenye ubeti wa kwanza. Haukupita muda jukwaa moja la muziki la mtandaoni likauweka katika orodha yake ya nyimbo, na idadi ya wasikilizaji ikapanda kiasi kwamba wanangu walikuwa wakinisomea hesabu kila asubuhi. Furaha hiyo sitaikana. Baadaye nilitaka kujua ni orodha gani, nikakuta ni ya muziki wa kutuliza akili na kuletea usingizi. Fidla na ganuni za utangulizi ziliwafaa, na wasikilizaji karibu wote walikuwa katika miji ambayo Kiswahili hakizungumzwi. Nilimtungia mtu matusi ya heshima, nao wakayalalia usingizi. Siku waliyouondoa wimbo kwenye orodha, bila barua wala neno, wasikilizaji wote waliondoka nao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutafuta wimbo wangu mwingine. Hadi leo jambo hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kujifanya haliniumi.

Kilichokuja baada ya hapo ndicho kilichonifundisha. Mashine za mapendekezo hazisikilizi muziki kama unavyosikiliza wewe. Kazi yake kubwa ni kulinganisha watu: waliousikiliza wimbo huu walisikiliza nini kingine, waliuruka sekunde ya ngapi, waliuhifadhi au hawakuuhifadhi. Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, ilinunua kampuni ya The Echo Nest mwaka 2014 kwa ajili ya utaalamu wa namna hiyo, na mwaka uliofuata ikatoa Discover Weekly, orodha ambayo kila Jumatatu humpa kila msikilizaji nyimbo zake peke yake. Sasa fikiri: wimbo wangu ulikuwa umesikilizwa zaidi na watu wanaotafuta usingizi, basi mashine ikajifunza kwamba jirani zangu ni vinanda vya polepole na sauti za mvua, ikaendelea kunipeleka kwa watu wa aina hiyo. Mpenzi wa taarabu aliyeko Muscat au Toronto, ambaye angeusikiliza wimbo ule mara kumi kwa siku, hakuletewa. Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mchoke: wasikilizaji wako wa kwanza ndio wanaoiambia mashine wewe ni nani. Wachague.

Nao mchezo wenyewe haukupangwa kwa ajili yetu. Kwa Spotify, wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, na ukishahesabiwa, wimbo wa dakika kumi na mbili hulipwa sawa na wa dakika mbili. Mtunzi wa taarabu anayeanza kwa utangulizi mrefu wa ala anaadhibiwa mara mbili: asiyetuzoea huruka kabla sauti haijaingia, na anayekaa hadi mwisho huleta malipo ya msikilizaji mmoja tu. Tangu mwaka 2024, wimbo usiosikilizwa hapo angalau mara 1,000 kwa miezi 12 hauingizi mirabaha yoyote ya rekodi, na fedha zake hugawanywa kwa nyimbo zilizovuka kiwango hicho. Makampuni matatu makubwa, Universal, Sony na Warner, yalikuwa na hisa ndani ya Spotify kabla haijaingia soko la hisa la New York mwaka 2018. Yalikuwa mwenye bidhaa na mwenye sehemu ya duka kwa wakati mmoja. Wala si Wazungu peke yao, maana jukwaa la muziki la Boomplay lilienea Afrika kwa kuja likiwa tayari limewekwa ndani ya simu za TECNO. Uamuzi wa wapi utaanzia kutafuta muziki ulikwisha kufanywa kabla hujaifungua simu.

Kuhusu pendekezo la kukatwa, Spotify ilitangaza mpango wa aina hiyo mwezi Novemba mwaka 2020, unaoitwa Discovery Mode. Mwenye wimbo anauchagua, mashine inaupa uzito zaidi katika redio za jukwaa na katika nyimbo zinazojipiga zenyewe baada ya ulizochagua kwisha, na jukwaa linakata asilimia 30 ya mirabaha ya rekodi inayopatikana kupitia njia hizo. Msikilizaji haonyeshwi kwamba wimbo huo umefika kwake kwa makubaliano. Nchini Marekani, baada ya kashfa ya watangazaji kuhongwa ili wapige santuri fulani, sheria ya mwaka 1960 ililazimisha malipo ya namna hiyo yatangazwe, lakini iliandikwa kwa ajili ya redio na televisheni. Mwaka 2021 wabunge wawili wa huko, Jerrold Nadler na Hank Johnson, waliiandikia Spotify wakihoji kama mpango huu hautawasukuma wasanii wote kushindana kujishusha malipo. Hoja yao ni ya kweli kabisa: wote tukikubali kukatwa, hakuna atakayekuwa mbele ya mwenzake, na sote tutakuwa tumekatwa.

Kwa hiyo jibu langu ni usikubali, hasa ukiwa mchanga. Wimbo usio na wasikilizaji wake wa kweli ukisukumwa, utasukumwa gizani kama wangu. Anza na watu unaowajua: kundi la WhatsApp la mashabiki, harusi, wanafunzi wenzako wa zamani waliotawanyika Ughaibuni. Waombe wautafute wimbo kwa jina, wausikilize hadi mwisho na wauhifadhi. Peleka ombi la wimbo kwa wahariri wa jukwaa angalau siku saba kabla haujatoka, na penye lugha uandike Kiswahili, penye aina ya muziki uandike aina yako halisi hata kama inayovuma ni nyingine. Usinunue wasikilizaji wa kughushi, kwa sababu siku hizi msambazaji hutozwa faini kwa wimbo uliojazwa hesabu za programu za kompyuta zinazojifanya wasikilizaji, naye atakutoza wewe. Na narudia, wachague wa kwanza. Vijana wa leo mnapenda kuhesabiwa kuliko kusikilizwa, na ugonjwa huo hamkurithi kwetu. Sisi tulikuwa tukijua jina la kila aliyeinuka kututunza, na wengine tukijua hata alikuwa akimlenga nani.

Kabla ya kutia saini na msambazaji yeyote, tafuta kifungu kinachompa ruhusa ya kuingiza nyimbo zako katika mipango ya kupendekezwa kwa makato bila kukuuliza. Mara nyingi kimewekwa pamoja na masuala ya matangazo, wala si ya malipo. Ukikikuta, mwambie akiondoe kwa maandishi. Na akikataa, wasambazaji wengine wapo.