Roboti mwanamuke eko wapi? Maswali yenu ya mwezi huu

Yaya, jambo. Niko mama ya mapasa, mmoja kijana mmoja binti, tunakaa Katuba. Wote wawili wanapenda sana zile katuni za maroboti yenye kugeuka motokari. Nilienda soko ya Kenya kuwatafutia vya kuchezea, muuzaji akaniambia roboti ni ya kijana, binti umupelekee pupe. Nikafanya vile. Binti akalia, kisha akaniuliza: mama, juu ya nini maroboti yote ni banaume? Nilikosa jibu. Baba yao anasema ni mashini tu, mashini haina mume wala muke, tusipoteze wakati. Nimujibu nini?
Mama Mapasa, Katuba

Mama, jambo sana. Baba yao kwa upande wa chuma anasema kweli, hakuna muntu atabishana naye pale. Lakini mu katuni kila roboti eko na jina, eko na hasira, eko na rafiki, na karibu kila mara sauti yake ni ya mwanaume, basi mutoto anasikia na anahesabu. Kama kweli ni mashini tu, nani aliamua wote wapewe sauti za baba?

Kuna wenye waliamua. Transformers, yale maroboti yenye kugeuka motokari, ilianza kuuzwa 1984, kampuni Hasbro ya Marekani ilichukua vya kuchezea vya Takara ya Japani, na kule Japani nyingi kati ya zile zilikuwa mashini za kuendeshwa tu, na mutu mudogo wa plastiki anaikaa ndani kama dereva, roboti yenyewe haikuwa na utu. Utu ulitungwa Marekani. Bob Budiansky wa Marvel, kampuni ya vitabu vya michoro, ndiye aliandika majina na tabia za wengi wao, na alitaka Ratchet, yule munganga mwenye kugeuka ambulansi, awe mwanamuke. Hasbro ikakataa. Sasa unaona, mama, plastiki haikukataa, ni watu wa biashara walikataa, juu walifikiri kijana hatanunua roboti mwanamuke.

Na mwaka ule ule 1984 wapinzani wao, GoBots, walikuwa na Crasher, motokari ya mashindano, mbaya kabisa, anacheka na kupasua ardhi kwa muguu, na mu katuni ni mwanamuke. Ukishika kile cha kuchezea mukononi hauoni roze, hauoni kiuno, hauoni midomo ya rangi, ni gari tu kama zingine, sauti na hadithi ndio zilimufanya mwanamuke. 1996 Hasbro yenyewe ilimutoa Blackarachnia, roboti mwanamuke mwenye kugeuka buibui, na walitumia kalibu ile ile ya Tarantulas, buibui mwanaume, wakabadilisha rangi basi. Ndiyo maana ile maneno ya muuzaji inaniuma sana, juu anamufukuza mutoto kwa kitu chenye hata watengenezaji wanatoa mume na muke mu kalibu moja.

Mwambie binti yako hivi: wenye kutengeneza walichagua vile, na walichagua vibaya. Kisha umununulie ile yenye anaipenda, yeye mwenyewe aipe jina na sauti. Na kaka yake acheze nayo pia, hiyo nayo ni ya lazima, kijana akizoea kwamba shujaa anaweza kuwa dada hatashangaa kesho.

Tena umuonyeshe picha za maroboti ya rulaje, yale makubwa ya aluminiamu yenye yalianza kusimamisha motokari Kinshasa 2013, umwambie yaliundwa na mwanamuke, enjenia Mukongomani, Thérèse Kirongozi. Mutoto wetu anastahili kujua hiyo mbele ya kujua Optimus Prime, ule mukubwa wa Transformers.

Niliangalia ile filamu ya zamani ya Transformers ya 1986, mule muko Arcee, roboti ya roze. Ndugu yangu eko na mukusanyo mukubwa wa vya kuchezea vya wakati ule lakini huyu hana. Aliipoteza?
Kijana wa Kamalondo

Hapana, kaka, hakuipoteza, haikuuzwa. Mifano ya majaribio ilitengenezwa lakini Hasbro haikuipeleka dukani mu miaka ile. Arcee wa duka alikuja 2004, ni pikipiki, mu Transformers Energon, na ile ya kugeuka gari ya roze kama mu filamu ilifika 2014. Miaka 28! Batoto wenye walimupenda 1986 walikuwa tayari na batoto wao. Na Japani ilikuwa hivyo hivyo: Airazor, roboti mwanamuke mwenye kugeuka kipanga mu Beast Wars, katuni ingine ya Transformers, walipotafsiri katuni walimugeuza mwanaume, mapenzi yake na roboti mwenzake Tigatron yakawa urafiki wa banaume wawili.

Chenye kilisaidia ni wapenzi wenyewe. 2013 Hasbro iliwaomba wapige kura watunge roboti mupya, wakachagua mwanamuke, ndege ya vita, akaitwa Windblade, 2014 akatoka dukani na kitabu chake cha michoro kikaandikwa na kuchorwa na banamuke. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba hakuna mutu atanunua, wanunuzi wenyewe ndio waliijibu.

Yaya, nipe katuni ya kuangalia na binti yangu, yenye roboti mwanamuke hafanyi kazi ya kufagia.
Baba Grâce, Kampemba

Baba Grâce, unasema kweli, roboti mwanamuke wa kujulikana sana zamani ni Rosie wa The Jetsons, 1962, na aproni yake. Anza na WALL-E ya 2008, EVE ni mweupe, anaruka, eko na silaha, na ni yeye mwenye kupewa kazi kubwa. Arcee wa Transformers: Prime ya 2010 ni wa rangi ya bluu na anapigana mbele kabisa. Lakini kwa familia ya Lubumbashi mimi nachagua Transformers One ya 2024, juu inaanza mu mugodi, roboti mwanamuke Elita-1 ndiye mukubwa wa timu ya wachimbaji, na mugodi ukianguka yeye ndiye anapoteza cheo kwa kosa lenye si lake. Batoto wa hapa hamutahitaji kuwafasiria hata kidogo. Mapigano ya mwisho ni makali, ukae nao.