Neno "Poleszuk" kwa Wanaoanza Kufasiri Kutoka Kipolandi

Ndugu mnaoanza kufasiri maandishi ya Kipolandi kuhusu Ulaya Mashariki, mapema mtakutana na watu wa Polesie, eneo la misitu na vinamasi kandokando ya mto Pripyat, ambalo leo sehemu yake kubwa imo Belarus na Ukraine. Kipolandi humwita mmoja wao Poleszuk, mwanamke Poleszuczka, na wengi Poleszucy. Katika kazi yangu ya kwanza nililisoma neno Poleszucy harakaharaka nikaandika "Wapolandi", kwa kuwa Wapolandi wenyewe hujiita Polacy, na ukurasa mzima ukapotoka. Tangu hapo hutafuta umoja kwanza: k ya Poleszuk hugeuka c katika wingi, kwa hiyo Mpoleshuki na Wapoleshuki hujengwa juu ya umoja.

Lililo zito zaidi ni wingi mwingine, Poleszuki. Sarufi ya Kipolandi ina wingi maalumu wa watu wakiwemo wanaume, na anayesema "te Poleszuki" badala ya "ci Poleszucy" (te na ci zote ni "hawa") huwa amewatoa katika ngeli hiyo kwa dharau. Sisi tunaojua umbali uliopo kati ya "watu" na "majitu" hatuhitaji maelezo marefu. Ukilikuta umbo hilo usilisawazishe kimyakimya, maana dharau ile ni sehemu ya maana, na msomaji ana haki ya kuiona. Lakini angalia pia nani anasema: katika Kibelarusi wingi wa kawaida ni paleshuki, nao hauna ubaya wowote.

Kuna pia neno tutejszy. Sensa ya Polandi ya mwaka 1931 iliuliza lugha ya mama, na katika jimbo la Polesie, lenye watu takribani 1,130,000, zaidi ya 700,000 waliandikwa kuwa lugha yao ni tutejszy, yaani "ya hapa". Niliwahi kuandika "lugha ya wenyeji", nikaifuta, kwa sababu "wenyeji" humleta mgeni ambaye hakutajwa. "Lugha ya hapa" inatosha. Wala msiandike kwamba Wapoleshuki walikuwa 700,000: hakuna aliyehesabiwa kwa jina hilo, na wanahistoria wengi huona kwamba fungu hilo lilisaidia kupunguza idadi ya Wabelarusi na Waukraine katika takwimu za serikali.