Usisaini mkopo wa chuo siku hiyo hiyo

Dada uliyeuliza kuhusu kozi ya usaidizi wa kliniki huko Ohio, Marekani, miezi tisa kwa dola 19,000, na kama upange chumba karibu na chuo au ununue gari: usisaini. Unasema afisa udahili anakupigia kila siku kwamba zimebaki nafasi mbili. Mwaka 2012 na mimi niliambiwa zimebaki mbili.

Niliingia chuoni asubuhi kuulizia bei, nikatoka saa nane mchana nina deni. Afisa udahili wa huko aliniwekea tableti mbele, "gusa hapa, na hapa", kumbe nachukua mikopo miwili: wa serikali, na wa kampuni binafsi ambao sikuujua hadi barua ya riba ilipofika. Nilimuuliza, "Nikimaliza naweza kuendelea na uuguzi?" Akajibu, "Bila shaka." Yule mtu sijamsamehe. Alikuwa anajua.

Nilipomaliza nikaenda chuo cha umma cha kaunti. Mama wa ofisini alishusha kalamu mstari kwa mstari kwenye transkripti yangu, karatasi ya masomo na alama zangu, akafika chini, akaigeuza kuangalia nyuma, akanirudishia. Krediti, yaani masomo niliyomaliza yanayohesabika kwao, walizokubali: sifuri. Ithibati ya chuo changu, kile kibali cha ubora wake, hawakuitambua. Anatomia nimeisoma mara mbili, nimeilipia mara mbili.

Na usidhani ni mkosi wangu peke yangu. Corinthian, kampuni ya vyuo binafsi vya kutafuta faida, ilianza California mwaka 1995, ikawa inanunua shule moja baada ya nyingine, Heald na WyoTech zikiwemo, nyingine ikazibandika jina la Everest, hadi ikapita matawi 100. Sheria iliruhusu vyuo vya namna hiyo kupata hadi asilimia 90 ya mapato kutoka misaada na mikopo ya serikali kwa wanafunzi, ndiyo maana simu haziishi. Aprili 2015 wakafunga ghafla, wanafunzi kama 16,000 wakabaki nje. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kufuta madeni ya watu 560,000 waliosoma kwao, dola bilioni 5.8, ila mikopo ya serikali tu. Mimi sikusoma kwao, kwa hiyo bado nalipa.

Chukua orodha ya masomo ya hicho chuo, ipeleke chuo cha umma cha kaunti yako, uliza: mtapokea krediti zipi? Jibu liwe la maandishi. Afisa akikataa kukupa orodha, usirudi pale tena. Nenda kesho asubuhi, dada yangu, kabla hujapokea simu yake nyingine.