Swali la lugha: mubashara au moja kwa moja?

Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya, anauliza: "Nina kibanda umiza, cha kuonyesha mpira kwenye televisheni. Juzi niliandika ubaoni kwa chaki, 'Mechi mubashara saa 10 jioni'. Mzee mmoja akanikosoa kwamba hicho ni Kiarabu, niandike 'moja kwa moja'. Vijana nao wanasema 'laivu'. Nifuate lipi?"

Ndugu yangu, ubao wako uko sawa, usiufute.

Kuhusu asili, mzee hakukosea. Kwa Kiarabu *bashara* ni ngozi ya mwanadamu, na *mubashara* ni kugusana ngozi kwa ngozi, pasipo kitu katikati. Napenda sana picha hiyo, maana ndivyo mechi inavyomfikia aliyekaa kwenye benchi lako: kipa akiruka, naye anaruka. Tena habari, taarifa, ratiba na hata kamusi yametoka huko huko, na mzee anayatumia kila siku.

"Moja kwa moja" nayo ni Kiswahili safi. Timu ya Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Tulivipata mwaka 1994. Mpira ulifuatwa kwa masikio, kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam, na "moja kwa moja kutoka uwanjani" ilitosha. Redio ile haikutangaza kwa Kinyakyusa wala Kihehe. Ilitupa Kiswahili kimoja, na neno lililosemwa Dar es Salaam katika taarifa ya habari ya saa 2 usiku lilifika Tukuyu na Makete usiku ule ule. Mubashara limepita njia hiyo hiyo: limetoka kwa watangazaji, sasa liko kwenye ubao wako.

Tatizo la "moja kwa moja" ni mizigo mingi. Konda akisema gari linakwenda moja kwa moja hadi Uyole, anamaanisha halikati kona. Mtu akihama moja kwa moja, harudi tena. Sasa andika: "Leo mechi haionyeshwi moja kwa moja." Mteja aelewe nini? Kwamba ataiona baadaye kwa marudio, au kwamba haionyeshwi kabisa? Mubashara halina utata huo, kwa kuwa limebaki kwenye utangazaji tu. Ndiyo maana humwelekezi mgeni aende "mubashara" hadi Mafiati.

Liandike kwa ukamilifu wake. Wengi wanaandika "mbashara", kwa kuwa Kiswahili kimezoea kumeza *u* ile, kama katika *mtu*, ambaye Wanyakyusa wanamwita *umundu*. Lakini *mu* ya mubashara si kiambishi cha ngeli, ni sehemu ya neno lenyewe, kwa hiyo halina wingi na halibadiliki: kipindi mubashara, vipindi mubashara, mechi inarushwa mubashara, kama tusemavyo kipindi safi, vipindi safi.

"Laivu" waachie vijana katika mazungumzo yao, wanaelewana. Ubaoni, ambako kila mpita njia anasoma, ningebaki na mubashara.

Mzee akirudi, mkaribishe benchi la mbele, umwandikie ile sentensi ya "haionyeshwi moja kwa moja", kisha umwulize kwa adabu ameielewaje.