Vidonge vitatu au sindano? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu baridi yabisi ya mama yake

Waalaykumu ssalaam, ndugu wa Wete. Umesema bi mkubwa ana miaka 58, kilo 60, anti-CCP (kipimo cha damu cha baridi yabisi ya kweli, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo) imetoka chanya, anakula methotreksati, dawa ya kuituliza kinga hiyo, vidonge sita kwa wiki huu mwezi wa saba, na vifundo vya vidole bado vimevimba. Mmeambiwa kilichobaki ni sindano za kuagiza nje, na nyumbani mshaanza kuzungumza kuuza mikarafuu. Msiuze bado.

Yupo daktari wa viungo wa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani, James O'Dell. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 102 ambao angalau dawa moja ilikuwa imeshashindwa kuwatuliza. Wako waliopewa methotreksati peke yake, wako waliopewa salfasalazini na haidroksiklorokuini, na wako waliopewa zote tatu. Aliyehesabiwa kufanikiwa ni yule aliyepata nafuu ya asilimia 50 kufikia mwezi wa 9 na akabaki nayo mpaka miaka 2. Kwa methotreksati pekee walikuwa 12 kati ya 36, kwa zile mbili 14 kati ya 35, kwa zote tatu 24 kati ya 31. Maana yake hata huko kwao methotreksati pekee haikuwatosha wawili katika kila watatu. Bi mkubwa si kioja.

Suali lako hasa limejibiwa na utafiti wao wa 2013. Wagonjwa 353, wote kama yeye: methotreksati wanaila na haitoshi. Upande mmoja wakaongezewa vile vidonge viwili, upande mwengine sindano ya etanasepti 50 mg kila wiki. Wiki ya 24, asiyepata nafuu alihamishiwa upande wa pili. Waliohamishwa walikuwa karibu asilimia 27 kila upande. Wiki ya 48, vidonge havikuwa nyuma ya sindano. Kwa hiyo kuanza na vidonge hakumpotezei nafasi yake. Sindano si mbaya, lakini inazuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, na TNF ndiyo inayokifungia kifua kikuu kilicholala kisiamke. Kwetu hilo si jambo dogo.

Nakaa kidogo kwenye jina. Visiwani kila kiungo kinachouma ni baridi yabisi: goti la mzee lililosagika, gauti ya dole gumba la mguu, hata chikungunya (neno la Kimakonde hilo), inayoweza kuacha vidole vimevimba kwa miezi. RF, kipimo chengine cha damu cha baridi yabisi, nayo hupanda kwa homa ya ini au kifua kikuu, haitoshi peke yake. Nyinyi mnayo anti-CCP, basi tuendelee. Cheti ataandika daktari wake; haya ni ya kuwawezesha kumuuliza na kusimamia nyumbani.

Methotreksati abaki pale pale: 15 mg, yaani vidonge 6 vya 2.5 mg, siku moja kwa wiki. Chagueni Ijumaa, siku isiyosahaulika, na muandike juu ya boksi kwa kalamu nzito: IJUMAA TU. Foliki (vitamini ya kupunguza madhara ya methotreksati) 5 mg, kidonge kimoja, Jumatatu. Kosa linaloua ni kuila kila siku, kwa kuwa cheti hakikutaja siku na muuza dawa kakisoma kama cheti chengine chochote. Kosa la pili: vipo pia vidonge vya 10 mg, na sita vya hivyo ni 60 mg. Mkibadilisha duka la dawa, someni mg kwenye ganda kabla ya kuhesabu vidonge. Ijumaa ikimpita anaweza kula Jumamosi au Jumapili. Zaidi ya hapo asubiri Ijumaa nyengine. Akiharisha sana au kutapika, ya wiki hiyo iachwe, maana figo zikikaukiwa na maji dawa haitoki.

Salfasalazini ni ya 500 mg: wiki ya kwanza kimoja usiku baada ya chakula, kisha kimoja asubuhi na kimoja usiku. Utafiti wa 1996 uliishia hapo. Ule wa 2013 walipanda mpaka 2 g kwa siku. Kabla ya kuanza, muulizeni kama aliwahi kutoka vipele kwa Septrin au Fansidar, ambazo nazo zina salfa, na apimwe G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambacho upungufu wake pwani yetu si wa nadra. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, huo usiwatishe. Ukiwa mweusi kama chai ya strungi na macho yana umanjano, damu inavunjika: dawa isimamishwe na aende spitali siku hiyo hiyo.

Haidroksiklorokuini huhesabiwa kwa uzito, isizidi 5 mg kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 60 ni 300 mg, na kidonge ni cha 200 mg, hivyo leo kimoja, kesho viwili. Watafiti wale waliwapa watu 400 mg kwa siku. Sasa tunapima uzito kwa sababu ikizidi huweza kuharibu retina, pazia la ndani ya jicho. Macho yaangaliwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Wala msikubali klorokuini ya kawaida badala yake.

Dawa ya kuiogopa kuliko zote ni Septrin. Mkojo unamchoma, anakwenda kituo cha karibu, anapewa Septrin, hakuna aliyeuliza anakula nini. Hiyo na methotreksati zote zinabana foliki, na uboho unaacha kutengeneza damu. Dalili ya mwanzo ni vidonda mdomoni, kisha homa na michubuko isiyo na sababu. Methotreksati isimamishwe, apimwe damu siku hiyo, na daktari aulizwe kuhusu asidi ya foliniki, dawa ya kuizima methotreksati iliyozidi. Kikohozi kikavu chenye pumzi fupi nacho kisipewe dawa ya kifua ya dukani, huweza kuwa methotreksati inaumiza mapafu: aende kwa daktari.

Vipimo ni picha kamili ya damu, ALT (ya ini) na kreatinini (ya figo): kila wiki 4 kwa miezi 3, halafu kila wiki 12. Damu itolewe Jumatano au Alkhamisi. Ikitolewa Jumamosi ALT inaweza kuwa juu kwa sababu ya dozi ya jana tu, mkahangaika bure.

Unga wa mitishamba unaoondoa maumivu usiku ule ule mtilieni shaka. Huweza kuwa umechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe za jamii ya prednisoloni. Kama anautumia, au anakula prednisoloni, asiache ghafla, na daktari ajue, kwa sababu steroidi humfungulia njia mnyoo wa strongailoidesi, yule anayeingia kwa nyayo kutoka mchangani. Ivermektini hutolewa mapema kwa ajili hiyo.

Kwa wasomaji wengine ambao bado mnazaa: mwanamke aache methotreksati miezi 3 kabla ya kubeba mimba. Salfasalazini hupunguza mbegu za mwanamme, lakini zinarudi akiacha.

Ramadhani haina tabu: methotreksati baada ya futari ya Ijumaa, haidroksiklorokuini na futari, salfasalazini futari na daku.

Kujua kama zinafaa, msimuulize "hujambo?", atasema sijambo. Siku moja kila mwezi mhesabieni viungo 28: mabega, viwiko, viganja vinapoungana na mkono, vifundo 10 vya chini ya vidole, 10 vya katikati ukitia na vya dole gumba, na magoti. Andikeni vingapi vimevimba, vingapi vinauma vikibonyezwa, na dakika ngapi baada ya alfajiri ndipo anaweza kufungua bomba la kutilia udhu. Tazameni pia mbuzi ya nazi: anakuna nazi nzima, nusu, au anamwita mjukuu? Wiki ya 6 hamtaona kitu kikubwa, na wengi huacha hapo. Hesabu ya wiki ya 24 ikiwa haijashuka, pigeni picha ya kifua, mpimeni homa ya ini B, kisha ndiyo mzungumze na daktari habari ya sindano.